Anayetafutwa Naye Aulizwe

Hotuba kwa wazazi, walimu na viongozi wa mitaa, jijini Tanga

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa mitaa, walimu, wazazi wenzangu, asalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya kuwatafuta vijana waliopotea, na ni haki yenu mjue tangu mwanzo kwamba kazi hiyo sikuipenda na hadi leo naifanya kwa uzito. Riziki yangu kwa miaka mingi imetoka kwenye upelelezi wa madai ya bima: duka limeungua, gari limegongwa, mzigo umelowa maji bandarini, nami natumwa kwenda kutazama kama yaliyoandikwa kwenye fomu yanalingana na yaliyopo. Gari lililogongwa halina sababu ya kunikimbia, na nikishaliona halidhuriki kwa kuonwa. Mwanadamu hayuko hivyo.

Mwaka 2015 nilikubali kumtafuta binti wa miaka 19. Aliyenijia alikuwa kaka yake, mtu mpole wa maneno, na machozi aliyoyatoa ofisini kwangu yalikuwa machozi ya kweli. Nilimpata binti yule kwa siku tatu, nikajivuna. Nikampa kaka mtu jina la mtaa, rangi ya geti na saa ambayo dada yake hutoka kazini, nikapokea malipo yangu. Wiki mbili baadaye nilipata habari kwamba binti amelazwa hospitalini na kwamba jicho lake la kushoto halitaona tena. Aliyekuwa akikimbiwa ni yule yule aliyenilipa. Hakuna aliyenishtaki, wala binti mwenyewe hakunilaumu nilipokwenda kumwomba radhi, na kule kutonilaumu kwake ndiko kulikonikaa moyoni zaidi. Tangu hapo kila anayeingia ofisini kwangu na picha ya kijana mkononi, jambo la kwanza ninalolifanya ni kusita.

Kusita huko nataka kukutetea mbele yenu leo, lakini kwanza nikuwekee mpaka. Mtoto wa miaka mitano akipotea sokoni, hapana kusita hata dakika moja. Watu watoke, msikiti na kanisa vitangaze, kituo cha polisi kiambiwe saa ile ile. Wazazi wengi wamekaa nyumbani usiku kucha kwa kuamini kwamba ni lazima saa 24 zipite ndipo polisi wapokee taarifa; katika miaka yangu yote sijapata kuona kifungu cha sheria ya nchi hii kinachosema hivyo, na ninawaomba imani hiyo tuizike. Ninalosema linamhusu kijana wa miaka 15, 17, 20, aliyeondoka kwa miguu yake mwenyewe. Huyu ana sababu. Na ndugu zake wanaokuja kwangu, hata wakiwa na uchungu kiasi gani, ni upande mmoja wa jambo ambalo upande wa pili haupo chumbani kujieleza.

Nitawasimulia kisa kimoja kwa kirefu. Kijana mwenyewe ameniruhusu, kwa sharti kwamba jina lake, la shule yake na la kijiji chake nisiyataje.

Ilikuwa Julai 2022. Bwana mmoja kutoka milimani, wilaya ya Lushoto, alikuja na picha ya kijana wa miaka 17, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mtoto wa marehemu kaka yake. Alisema kijana alitumwa dukani Jumatatu ya tarehe 4 asirudi, na kwamba simu yake haipatikani. Nikamwuliza taarifa polisi walitoa lini. Akanionyesha karatasi yenye namba ya RB, yaani namba ya taarifa iliyoandikishwa polisi, nayo ilikuwa ya tarehe 18. Siku 14 zilikuwa zimepita. Nikamwuliza kwa nini. Akasema katikati palikuwa na Idd el-Hajj, nyumba ilikuwa na wageni, na wageni waliambiwa kwamba kijana amekwenda Korogwe kusoma tuisheni. Kisha akanionyesha tangazo alilokwisha kulisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, lenye picha ya kijana na maneno kwamba ana matatizo ya akili, atakayemwona amkamate. Nikamwuliza kama ni kweli ana maradhi hayo. Akanyamaza kidogo, akasema hapana, ila watu hawamshiki mtu mzima wa akili zake, kwa hiyo waliona bora waandike hivyo.

Nilikataa. Nilimrudishia bahasha yake na kumwelekeza kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, akaondoka akiwa amekasirika.

Naomba nikae kidogo kwenye lile tangazo, kwa sababu nimeyaona mengi ya namna ile na wanaoyaandika si watu wabaya. Mnapoandika kwamba mtoto wenu ana wazimu ili akamatwe kwa urahisi, mnampa kila mwenye nguvu barabarani ruhusa ya kumshika mkono, kumfunga kamba na kutomsikiliza. Akisema, “Mniache, naogopa kurudi,” watamjibu kwamba hayo ndiyo maradhi yenyewe. Na tangazo halifi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini hakuna sheria inayoweza kuifuata picha ndani ya simu za watu elfu moja na kuifuta. Kijana yule alikuja kuniambia baadaye kwamba hata mwaka uliofuata bado kuna waliomwuliza kama amepona.

Siku nne baada ya yule bwana kuondoka, akaja mama mtu mzima, bibi yake kijana. Alikuwa ametoka Lushoto kwa basi la alfajiri, na alipokaa hakuzungumza mpaka alipokunywa maji. Nikamwamkia, akaniitikia, akaweka mezani daftari la jiografia lililofungwa kwa gazeti. “Mwanangu,” akasema, “mficha uchi hazai. Baba yake mdogo hakukwambia yote. Mimi nakwambia yote, ila usiniulize kwa nini sikusema mapema.”

Basi akasema. Simu haikuwa imezimwa na kijana. Ilikuwa imefungiwa kabatini na baba mdogo tangu usiku wa tarehe 3, baada ya kumkuta mtoto akizungumza na mama yake mzazi. Mama huyo aliondoka nyumba ile mtoto akiwa na miaka sita, kwa ugomvi ambao bibi hakutaka kuueleza, na tangu hapo jina lake halikutajwa tena. Mtoto aliambiwa mama hajulikani alipo. Usiku ule kijana alipigwa. Hakutumwa dukani. Aliondoka alfajiri, na bibi alimsikia akifungua mlango, akadhani anakwenda kuchota maji.

Nikamwuliza alichukua nini. Hilo nalo ni swali ambalo ndugu wengi hulijibu haraka kwa kusema hakuchukua kitu, ilhali kinachochukuliwa na kinachoachwa ndivyo vinavyoeleza safari. Bibi akafikiri, akasema amechukua cheti cha kuzaliwa, shati moja la shule na kaptura mbili, na sweta ameliacha kwenye msumari. Wale mnaoijua Lushoto mnaijua Julai yake: mtu hatoki nje alfajiri bila kitu kizito mgongoni, ila kama amekwisha kuamua kwamba huko aendako hakihitajiki. Cheti cha kuzaliwa kilinieleza kwamba kijana hakukurupuka. Sweta lilinieleza kwamba ameteremka pwani.

Daftari lilinieleza mengine. Mbele palikuwa na mabonde ya ufa na aina za mvua, kwa mwandiko safi wenye kupigiwa mistari kwa rula. Nyuma, kurasa tatu za mwisho, palikuwa na hesabu: ndoo, chumvi, kuni, na juu ya ukurasa mmoja maneno “giza la mwezi wa sita”. Mimi ni mtoto wa pwani. Giza, kwa mvuvi wa dagaa, ni zile siku za mwezi ambazo anga halina mwanga, taa ikiwashwa baharini dagaa wakaifuata. Mbaamwezi ukiingia, taa haifui dafu na mvuvi hukaa nchi kavu. Mtoto aliyekulia milimani hawezi kuandika giza kwa maana hiyo ila awe amekaa na wavuvi. Nikamwuliza bibi kijana alikuwa wapi likizo ya Juni. Akainamisha kichwa. Alikuwa ameambiwa ni kwa rafiki, Korogwe, kwenye tuisheni, na yeye bibi alijua kwamba si kweli, kwa sababu mtoto alirudi na kilo mbili za dagaa wakavu, akamwambia ale wala asiulize.

Kwa hiyo jibu lilikuwamo ndani ya nyumba ile tangu siku ya kwanza. Lilikuwa kabatini pamoja na simu, msumarini pamoja na sweta, na moyoni mwa bibi. Sikuhitaji ujuzi wowote wa ajabu. Nilihitaji mtu mmoja aamue kusema.

Nilimwambia bibi kwamba nitakwenda kwa sharti moja. Nikimpata kijana, nitamwuliza yeye kwanza kama anataka kuonekana, nitawaletea habari ya kuwa yu hai, na sitasema alipo mpaka atakaponiruhusu au mpaka afisa ustawi wa jamii atakaposema vinginevyo. Akakubali. Nilimwita na baba mdogo, nikamwambia hivyo hivyo mbele ya mjumbe wao, naye akakubali kwa shingo upande, baada ya kusema kwamba mtoto hana kauli.

Hapo panahitaji maneno machache kuhusu sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na haikumnyima kauli: inampa haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake, kwa kadiri anavyoweza. Sheria hiyo hiyo inamtaka kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Mimi ni mwanajamii. Siwezi kujificha nyuma ya mkataba wangu na aliyenilipa. Vile vile nilikuwa nimeombwa na baba mdogo, siku ile ya kwanza, nimpitie mtu wa kampuni ya simu anitolee orodha ya namba alizozungumza nazo kijana. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inawafunga watoa huduma wasitoe taarifa za wateja ovyo. Polisi wana njia zao za kisheria za kuziomba, mimi sina. Mpelelezi binafsi atakayewaambia kwamba atawapatia orodha hiyo kwa siku moja anawauzia kosa la jinai, na kesho atamwuzia mtu mwingine habari zenu.

Nilikuwa na jina la kwanza la mama, nilikuwa na bahari, na nilikuwa na kalenda. Niliulizia kwa wanunuzi wa dagaa wanaopandisha mzigo milimani, nikaelekezwa Pangani, lakini sikwenda mara moja. Kwenda diko la dagaa, yaani pale wavuvi wanapopakulia samaki ufukweni, wakati wa giza ni kuwakuta vijana wote baharini usiku na wamelala mchana, na mgeni anayezungukazunguka akiuliza majina huonekana amekuja kumkamata mtu. Nilisubiri Ijumaa ya tarehe 12 Agosti. Mwezi ulikuwa mpevu, na Ijumaa wavuvi wengi wa pwani yetu hawaingii baharini. Nikapanda gari asubuhi, barabara ikiwa katika ujenzi na vumbi tupu, nikavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, nikaendelea kusini kwa bodaboda.

Niliwakuta wamekaa chini ya mnazi wanashona nyavu. Kando yao palikuwa na majiko ya udongo ya kuchemshia dagaa, yamepoa, na vichanja vitupu. Mama yake nilimtambua kabla sijaelekezwa, kwa sababu kijana amefanana naye paji la uso. Nilimwamkia nikamwambia mimi ni nani na nani amenituma, kisha nikamwambia kwamba sikuja kumchukua mtu. Alitazama mikono yangu kama anayetafuta pingu. Kijana mwenyewe alikuja, akasema, “Shikamoo mzee,” akakaa mbali kidogo, upande wa kukimbilia.

Nilimwuliza maswali mawili. Uko salama? Unataka nikaseme nini nyumbani? La kwanza alilijibu upesi, la pili lilimchukua muda. Akasema nimwambie bibi kwamba anakula vizuri, na kwamba cheti cha kuzaliwa hakukiiba, ni chake.

Laiti mambo yangeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri ya mtoto aliyempata mama yake. Lakini viganja vyake vilikuwa vimechanika kwa kamba, na nilipomwuliza akaniambia bila kuficha kwamba giza lililopita aliingia baharini na wenzake usiku sita. Hapo kusita kwangu kulinifikisha mahali ambapo sikuweza tena kumwachia yeye peke yake uamuzi. Sheria ya Mtoto inataja kwenda baharini miongoni mwa kazi za hatari ambazo aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa nazo, na inakataza kumwajiri mtoto usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kazi ya dagaa wa taa ni vyote viwili kwa pamoja. Mama alijitetea kwamba mtoto alitaka mwenyewe, alipie daftari na sare. Nami nilimwamini, na bado nilimwambia kwamba Jumatatu nitakwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, na kwamba ningependa twende pamoja kuliko niende peke yangu. Kijana alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Alikuwa ametoka kuniamini dakika chache tu zilizopita.

Walikuja wote wawili. Jumatatu saa 3 asubuhi niliwakuta wamekwisha fika, wamekaa kwenye benchi la nje, kijana amevaa lile shati la shule.

Kilichofuata kilikuwa cha polepole, hakina mengi ya kusimulia. Afisa aliwaita upande wa baba na upande wa mama, mara tatu. Baba mdogo alikuja mara moja. Polisi walifunga lile jalada la kupotea baada ya kumwona kijana na kuzungumza naye bila ndugu kuwapo, jambo ambalo ningependa liwe kawaida kila mahali. Ilikubaliwa kwamba abaki na mama, asiingie baharini, na ahamishiwe shule ya karibu, na uhamisho huo ulichukua miezi kwa sababu shule ya zamani ilichelewa kutoa barua. Januari 2023 aliingia kidato cha tatu upya. Baba mdogo hanisalimii hadi leo. Mimi siwezi kumchukia, kwa sababu alimlea mtoto wa kaka yake kwa miaka kumi na moja kwa jasho lake, na naamini kwamba alipokuja ofisini kwangu alikuwa anaogopa kweli.

Viongozi wa mitaa, nina ombi kwenu kabla sijakaa. Ninyi ndio mnaofikiwa kwanza, kabla ya polisi na mbali sana kabla yangu. Mzazi anapokuja kwa mwenyekiti akisema kijana haonekani, mwandikieni barua aende nayo kituoni siku hiyo hiyo, hata mtoto awe na umri gani. Halafu mwulizeni, faragha, wala si mbele ya baraza, neno la mwisho alilozungumza na mtoto lilikuwa nini, na ni nani ndani ya nyumba ambaye mtoto humwambia mambo. Mara nyingi ni bibi, au dada mdogo, au mfanyakazi wa ndani, na mara nyingi huyo ndiye ambaye hakuna aliyemwuliza. Walimu, mkiona mtoto ameacha kuja, daftari zake zilizobaki darasani msizitupe. Na kijana mwenyewe, kama yupo hapa anayefikiria kuondoka, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo.

Kuna mzazi aliyeniuliza kabla ya mkutano kama sasa nazikubali kazi hizi kwa moyo mweupe. Hapana. Bado nasita, na wanaokuja nawaambia sharti lile lile nililomwambia bibi. Wengine huondoka palepale.

Daftari la jiografia ninalo hapa. Mwenyewe alinipa alipomaliza kidato cha nne, akasema hesabu za nyuma zina makosa mawili aliyoyaona baadaye. Ukurasa wenye jina lake nimeubana kwa klipu, naomba usifunguliwe. Zile kurasa tatu za mwisho ziko wazi mezani hapo mbele, anayependa kuzitazama apite.

Asanteni kwa kunisikiliza.